Uzi: Kujizoeza mwili "kwafaa kidogo", lakini kidogo si bure. Wakristo tuongee kuhusu miili yetu

Mzee wa Usharika (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe, wakuu.

Jambo hili nimekaa nalo karibu mwaka mzima nikisita kuliandika, maana kwetu ukianza kuongea habari za mazoezi watu wanaona umeanza kupoa kiroho. Leo naliandika. Ni refu, vuta kiti.

Mwaka jana mwezi wa saba tulimzika baba yangu mdogo kule Machame. Mnaokujua Uchagani mnajua jinsi mambo yanavyokwenda: gari la msiba linaishia barabarani, kutoka hapo jeneza linabebwa mabegani kuteremka mpaka kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Njia nyembamba, migomba huku na huku, na manyunyu ya usiku yalikuwa yameacha utelezi. Huyu mzee ndiye aliyenilipia ada kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne. Nikasema mbele upande wa kulia ni kwangu, asinipokee mtu.

Nilikuwa na miaka 44 na kilo 103. Hatua kama thelathini hivi, pumzi ikakata. Kifua kinabana, magoti yanacheza, na nikaona kabisa jeneza linaanza kulalia upande wangu. Kijana mmoja wa jirani akaniwahi, akaingiza bega lake chini ya bega langu, akaninong'oneza: "Baba, niachie mimi." Nikaachia. Nikabaki nimeshika mgomba, natweta, wenzangu wanamshusha baba yangu.

Hakuna aliyenicheka wala kunisema. Ila usiku ule sikulala. Miaka kumi na mbili nimekuwa mzee wa kanisa, na Wagalatia 6:2 nimeifundisha sijui mara ngapi: "Mchukuliane mizigo." Mzigo wenyewe ulipokuja, mzigo wa kweli wa mbao na misumari, nilishindwa kuuchukua.

Tuje kwenye andiko ambalo wapendwa wengi tunalitumia kama ngao. 1 Timotheo 4:8: "Kwa maana kujizoeza kupata nguvu za mwili kwafaa kidogo, lakini utauwa hufaa kwa mambo yote." Utauwa ni kumcha Mungu. Nami nililitumia hivyohivyo kwa miaka. Mke wangu akiniambia tutembee jioni, namjibu kwafaa kidogo, mama.

Baada ya msiba nikaisoma barua yote kwa mkupuo mmoja, na nawaomba mfanye hivyo kabla ya kunijibu. Sura hiyohiyo ya 4, mstari wa 3, Paulo anawakemea walimu wanaowazuia watu wasioe na kuwaamuru wajiepushe na vyakula. Yaani anagombana na watu wanaoudharau mwili! Mstari wa 4 anasema kila kiumbe cha Mungu ni kizuri. Halafu geuza ukurasa, sura ya 5 mstari wa 23, anamwambia Timotheo asinywe maji tu, atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Mtume aliyeandika kwamba mazoezi yanafaa kidogo ndiye huyohuyo anayejua kwamba kijana wake anaumwa tumbo, na anamwandikia dawa ndani ya barua ya kanisa.

Kuna lingine. Timotheo na Paulo walikuwa watu wa kutembea. Matendo 20:13, wenzake wamepanda merikebu kutoka Troa, Paulo akaamua kwenda Aso kwa nchi kavu, mwendo wa kilomita kama 30 na zaidi. Mtu wa namna hiyo akikuambia mazoezi yanafaa kidogo, anamwambia mtu ambaye miguu yake inafanya kazi kila siku. Mimi natoka kitandani naingia kwenye gari, natoka kwenye gari nakaa ofisini saa tisa, narudi kwenye gari, namalizia kwenye kiti cha kikao cha kamati. Hicho kidogo chenyewe sikuwa nacho.

Na vikao vyetu, ndugu zangu. Sambusa, maandazi, soda. Kwaya ikitoka mazoezini, chipsi mayai. Harambee, pilau na soda mbili mbili. Nilipopendekeza kwenye kamati tuweke maji na matunda, ndizi na matikiti tu, mama mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Mzee, wageni watasema usharika wetu umefilisika." Nilimwelewa. Sisi tumelelewa hivyo: mgeni hulishwa mpaka aseme basi, na mtu aliyenona ndiye aliyebarikiwa. Mchungaji akiongezeka tunamwambia amenawiri. Akipungua tunaanza kunong'ona anaumwa nini.

Hilo la kunong'ona limenikuta. Nimeanza kutembea mwezi wa nane mwaka jana, saa 11 alfajiri, kutoka Tabata kuelekea Segerea na kurudi. Wiki za kwanza dakika ishirini tu, baadaye saa nzima. Chai nimetoa sukari vijiko vitatu nikabaki na nusu. Ugali wa usiku nimeupunguza, mboga nimeongeza. Vyuma sinyanyui, ni kutembea tu na pushapu chache sebuleni. Leo nina kilo 88. Presha iliyokuwa 162 kwa 101 siku ile manesi walipotupima kanisani, sasa nikitumia dawa niliyoandikiwa inakaa 130 kwa 80 na kitu. Nikipungua hivyo, watu wawili kwa nyakati tofauti wamemvuta mke wangu pembeni baada ya ibada wakamuuliza kama nimeshapima "ule ugonjwa". Mke wangu alilia njia nzima kurudi nyumbani.

Sasa niseme na upande wa pili, nisije nikaonekana nahubiri misuli. Mwezi wa tano hivi nilianza kupenda kioo. Nikajikuta nachagua shati la kubana siku ya ibada. Mbaya zaidi, nimekaa mbele pale kwenye viti vya wazee, kwaya inaimba, na macho yangu yanapita benchi kwa benchi yakihesabu vitambi vya ndugu zangu. Nilishtuka. 1 Samweli 16:7, wanadamu huitazama sura ya nje, bali Bwana huutazama moyo. Nilitubu kwa jina, kwa kumtaja kila niliyemhukumu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwili si wangu, "mlinunuliwa kwa thamani" (1 Wakorintho 6:20). Najua sura ile Paulo anaongelea zinaa, sitaki kuivuta ikafanye kazi isiyo yake, lakini hoja ya mwenye mali inabaki palepale. Nautunza ili ukihitajika uwepo. Jeneza lina mtu ndani. Mgonjwa wa kugeuzwa kitandani ana uzito. ~~Na nitasema wazi, kwangu mimi mwili legelege ni dalili ya imani legelege.~~

Karibuni tujadili. Kwa heshima tafadhali.

Mlinzi wa Madhabahu

Mzee, shikamoo. Ushuhuda umenigusa, ila nina duku­duku na naomba usinichukie.

Mimi ni kiongozi wa vijana. Hizi klabu za jogging za hapa Dar zinatumaliza. Wanakimbia lini? Jumapili asubuhi! Wanaanza saa 12, wanazunguka, wanamalizia kwenye supu, na baada ya supu baadhi yao ni bia. Ibada ya kwanza imewapita, ya pili wamelala. Kijana niliyembatiza kwa machozi leo ananitumia picha yuko Daraja la Tanzanite na fulana ya klabu saa tatu asubuhi siku ya Bwana. Kuna mungu mpya hapa, na madhabahu yake ni kioo cha jimu. Sisi wachungaji wa vijana ndio tunaoyaona haya.

Mzee wa Usharika

Marahaba mwanangu, wala sikuchukii. Umesema kweli tupu.

Lakini nikuulize: kijana huyo alipokuwa anatafuta watu wa kuamka nao, wa kumwita jina akichelewa, wa kumsubiri akibaki nyuma, alitupata sisi? Klabu imempa ushirika. Sisi tumempa benchi.

Eric Liddell, yule Mskoti, kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 alikataa kukimbia mita 100 kwa sababu mchujo ulikuwa Jumapili. Akakimbia mita 400 siku nyingine na akachukua dhahabu kwa sekunde 47.6. Mwaka uliofuata akaenda China kuwa mmishonari, akafia huko kwenye kambi ya wafungwa ya Wajapani mwaka 1945. Hakuacha kukimbia ili ampendeze Mungu, wala hakuacha siku ya Bwana ili akimbie. Kwetu usharikani tumeanza mazoezi ya pamoja, siku ya Jumamosi. Wiki ya kwanza tulikuwa watano, juzi tulikuwa 31, na kumi hivi si washarika.

Mama Watatu

Bwana asifiwe. Mimi nataka kuongelea upande wa wanawake maana wanaume mnajadili vitambi tu.

Nimekulia kanisa ambalo kupaka mafuta yenye harufu ilikuwa dhambi, kusuka dhambi, na mwanamke akivaa suruali hata ya kulimia anatengwa. Nilipojifungua mtoto wa tatu nikajiachia kabisa. Nilikuwa naoga kwa sababu ya mtoto. Kichwa kitambaa kilekile wiki nzima. Na nilijiona mtakatifu! Kumbe nilikuwa na huzuni ya uzazi na hakuna aliyejua, kila mtu ananisifia dada huyu hana makuu.

Andiko lenyewe ni 1 Petro 3:3, kujipamba kwenu kusiwe kujipamba kwa nje, "yaani, kusuka nywele, na kujitia dhahabu, na kuvalia mavazi." Someni mpaka mwisho wapendwa. Kama kusuka kumekatazwa, basi na kuvaa nguo kumekatazwa, maana vyote viko sentensi moja. Petro anasema uzuri wako usitegemee hapo. Na Yesu mwenyewe, Mathayo 6:17, ukifunga jipake mafuta kichwani na unawe uso. Yaani hata siku ya mfungo Bwana anataka nioge nipendeze! Naomi naye alimwambia Ruthu aoge, ajipake mafuta, avae vizuri.

Ila mkorogo hapo hapana, dada zangu. Cream nyingine zina zebaki, na zebaki inaharibu figo. Mungu hakukosea rangi yako. Nimemuuguza dada wa karibu, mshono wa upasuaji uligoma kupona kwa vile ngozi ilikuwa imekwisha kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Nilikuwa nambadilishia bandeji mwenyewe, na kila nikibandua plasta, inaondoka na ngozi.

Mimi sasa natembea na wamama wawili wa jumuiya yetu, saa 12 kasoro asubuhi, traksuti ndani na kanga juu. Tunakwenda watatu kwa usalama. Kwenda tunaongea, kurudi tunaomba. Watoto wameanza kusema mama siku hizi unacheka.

Nesi wa Zamu

Wakuu, naingia kifupi, niko kazini.

Mleta uzi hongera, na hongera zaidi kwa lile neno "nikitumia dawa niliyoandikiwa". Kila mwezi napokea watu walioacha dawa za presha baada ya kuombewa. Anafika uso umepinda upande mmoja, mkono haunyanyuki. Presha haiumi, ndiyo maana mtu anadhani imeondoka. Kama umepona, kipimo kitasema, na daktari ndiye atapunguza dawa. Mungu haogopi kipimo.

Pili, mfungo. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asifunge kavu bila kuongea na daktari. Sukari ikishuka sana mtu anatoka jasho, anatetemeka, anaongea visivyoeleweka, na kwenye mkesha nimeshuhudia watu wakidhani ni pepo. Waliendelea kukemea. Tafadhali, muulizeni ndugu zake kwanza kama ana kisukari, na kama bado anaweza kumeza mpeni kitu cha sukari upesi. Akiwa amepoteza fahamu msimmiminie kitu mdomoni, kimbizeni hospitali.

Kuhusu mazoezi, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukuongezea pumzi. Ni nusu saa mara tano. Kutembea haraka kunatosha. Anayebanwa kifua akitembea aonwe na daktari kwanza. Na mzee wangu, ile siku ya jeneza ulipaswa kuja hospitali siku hiyohiyo.

Msabato wa Mara

Happy Sabato nawatakia mapema, ndugu. Haya kwetu yamefundishwa tangu miaka ya 1860, Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa letu, alipoanza kuandika habari za afya. Wengine mlitucheka na mboga zetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, chuo cha Wasabato, waliwafuatilia Wasabato wa California kwa miaka mingi, na wakakuta wanaume wanaishi takriban miaka 7 zaidi ya wanaume wengine wa jimbo hilo, wanawake zaidi ya miaka 4. Hawavuti, wanatembea, wanakula karanga na mboga. Danieli na wenzake siku kumi tu za mtama na maji, nyuso zao zikawa nzuri kuliko waliokula chakula cha mfalme.

Ila nikiri, huku kwetu sheria ya chakula tumeishika, kutembea tumeacha. Tuna wazee wasiogusa nyama na bado pikipiki wanaipanda kwenda jirani.

Jirani wa Eldoret

Hamjambo watu wa Bongo. Hapa kwetu hii mambo si mjadala sana. Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia pale shule ya St. Patrick's. Hakuwa kocha wa riadha. Akaanza kusaidia vijana kukimbia, akabaki, na ndiye alimlea David Rudisha, yule wa mita 800 kwa 1:40.91 kule London 2012. Hata basketboli na voliboli zilizaliwa YMCA, chama cha vijana Wakristo, moja 1891 na nyingine 1895, na Naismith aliyebuni basketboli alikuwa amesoma theolojia. Kanisa lilikuwa uwanjani kitambo. Sijui ni lini tuliondoka.

Mwenye Magongo

Nimesoma yote. Nimesita kuandika, halafu nimeona nikikaa kimya nitabaki na uchungu, na mleta uzi anaonekana mtu wa kusikia.

Niliugua polio nikiwa na miaka mitatu. Mguu wa kushoto haujawahi kubeba uzito wangu. Kanisani nimeombewa niinuke mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila nisipoinuka kuna mtu ananiambia ni imani yangu. Sasa nafungua uzi mzuri kabisa, nauitikia Amina kila aya, nafika mwisho nakuta "mwili legelege ni dalili ya imani legelege." Mzee, umeandika ukimtazama nani?

Mwili wangu nautunza. Kila asubuhi najinyanyua kwenye mikono ya kiti mara arobaini, maana mabega ndiyo miguu yangu. Viatu napiga rangi vyote viwili, hata hiki kisichokanyaga. Lakini sijawahi kubeba jeneza na sitabeba. Kazi yangu msibani ni kukaa na mfiwa usiku, watu wakishalala. Na Bwana wetu alipofufuka, mwili ule wa utukufu, Tomaso alionyeshwa nini? Alama za misumari, na ubavu. Havikufutwa.

Mzee wa Usharika

Ndugu yangu, nimesoma ujumbe wako nikiwa kituo cha daladala, nikaacha magari mawili yakapita.

Nisamehe. Sentensi ile nimeikata. Sikuifuta kabisa, nimeichora mstari, ili atakayesoma ajue niliiandika na kwamba nilikosea. Niliiandika nikitazama mwili wangu wa mwaka jana, na hasira niliyokuwa nayo juu yake, halafu nikaitupa kwa watu wote. Ni yaleyale ya kuhesabu vitambi, nilidhani nimeyaacha.

Umenikumbusha kitu. Usiku ule wa Machame, nikiwa nazunguka kwenye uwanja kwa aibu, kulikuwa na bibi mmoja wa miaka zaidi ya 80, hawezi kusimama bila fimbo. Alikaa kando ya mama mdogo kwenye mkeka, wamefunikwa blanketi moja, tangu saa mbili mpaka kunakucha. Alikuwa ameshika mkono wake. Nilipita mlangoni pale mara tatu au nne, na akili yangu yote iko kwenye jeneza nililoliachia. Sikumwona kama mtu aliyebeba kitu.

Kama uko Dar, nitumie ujumbe faragha. Jumamosi tunaanzia uwanja wa kanisa saa 12 asubuhi. Kwenye lango dogo kuna ngazi tatu ambazo sikuwahi kuziwaza mpaka leo. Nimeshampigia fundi aje kuangalia namna ya kumwaga zege la mteremko. Na zoezi lile la mikono ya kiti, tunao wazee wawili waliopooza upande mmoja wanaokuja kutuangalia tu, wanakaa benchi. Ningependa uwafundishe wewe.